Nukta Nyekundu Kwenye Saketi

Redio ilikohoa mara mbili.

"Sindano. Chungu kimepatikana."

"Wapi?"

"Nyumba ya milango ya bwawa. Saa sita kamili kinamwagika."

Sindano alitupia jicho Casio yake. Saa tano na dakika ishirini na mbili. Akailaza pikipiki yake, Yamaha, kwenye kona, goti likakaribia kugusa lami.

Siku ya tatu hii alikuwa akimtafuta kaka yake.

Kaka alikuwa fundi wa saketi ndogondogo: taa zinazojiwasha giza likiingia, vipima joto, mashine za kutotolea vifaranga. Mtu asiye na makuu. Jumanne alikuja mteja mwenye viatu safi mno kwa mtaa ule. Jioni kibanda kilikutwa wazi, pasi ya kuchomelea bado ina moto, sanduku la vifaa halipo, fundi hayupo. Tangu hapo wifi yake Sindano alikuwa akipiga simu asubuhi na usiku, na swali lake lilikuwa moja tu: yu hai? Sindano alimjibu kwamba wamwombe Mungu. Uongo hakuuzoea, hata katika kazi ile.

Mtu yule wa viatu safi, Idara ya Usalama aliyoitumikia Sindano ilimjua. Walimwita Mteja. Aliwatumikia mabwana wa ng'ambo waliotaka ardhi ya bondeni. Watu wa bondeni walikataa kuuza.

Sasa maji yangewahamisha: Chungu kilikuwa kifaa cha kuifungua milango ya bwawa.

Mhandisi wa bwawa alimpokea mlangoni, mzee mwenye spana mkononi na jasho shingoni. Alieleza kwa pumzi za kukatika. Vijana wake walikuwa wakipachika pini za chuma ili kuifunga milango kwa mkono, lakini kazi hiyo ilitaka karibu saa nzima hata wakikimbia. Bondeni kuna shule mbili na soko. Watu wa kule hawangeweza kuhamishwa kwa dakika ishirini, hata wangekuwa kuku.

Kwenye ukuta lilikuwapo sanduku la chuma, kufuli juu yake, nyaya zake zimeingia kwenye mitambo ya milango.

"Tukate umeme?" mhandisi aliuliza.

"Ukikata, milango inafunguka," alisema Sindano. Mmoja wa watu wa Mteja, aliyekamatwa asubuhi, ndiye aliyelisema hilo kwa majivuno. Ukigusa kifuniko, vilevile.

Alipiga magoti. Akatoa kamera nyembamba kama utambi wa taa, akaipenyeza kwenye tundu la kupitisha joto, akatazama kwenye simu.

Namba zilikuwa zinashuka. 18:40. 18:39.

Chini yake saketi. Reguleta ya miguu mitatu, imevikwa bati la kutolea joto. Chipu ya miguu ishirini na minane, ubongo wa kazi nzima. Rilei iliyoshikilia milango isifunguke, na kando yake kapasita nene kama dole gumba. Risasi ya kuchomelea viungo iling'aa, kila tone limekaa kama dengu.

Mkono wa kaka yake. Angeutambua hata kaburini.

Lakini alitafuta alama, hakuiona mahali pake. Kila saketi iliyokamilika, kaka huitia nukta ya rangi ya kucha ya mkewe kwenye kona. Wateja humcheka, wifi humgombeza kwa kumaliza chupa. Hapa kona ilikuwa tupu.

Akaisogeza kamera.

Nukta nyekundu ilikuwa kando ya chipu. Palipotakiwa kuwa na kitu. Matundu mawili, na hakuna kilichochomekwa.

Sindano alisikia sauti ya kaka yake ya miaka mingi iliyopita, yeye Sindano akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, kiti kirefu kuliko miguu yake. Reguleta inashusha volti kumi na mbili ziwe tano, ndizo ubongo unazoweza kunywa. Lakini uwekee ubongo kapasita jirani, kama mtungi jikoni. Bomba likikohoa, kuna cha kunywa. Bila mtungi, umeme ukisinzia kidogo tu ubongo unazimia. Na ukizinduka umesahau yote. Unaanza kuhesabu upya.

Rilei ilikuwa na mtungi wake. Mnene.

Ubongo haukuwa nao.

Alisimama.

"Baba, hapa kuna mashine gani ikiwashwa taa zinafifia?"

Mhandisi alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za harusi msibani. Akamwonyesha pampu ya kunyonya maji ya sakafuni, kuukuu, kubwa kama ng'ombe. Ikiwashwa, alisema, taa zote zinasujudu. Miaka minne ameandika barua aletewe mpya.

"Iko laini moja na sanduku?"

"Moja."

"Na fyuzi?"

Mzee akaelekeza spana kwenye kisanduku cha fyuzi. "Mwezi huu imeungua mara mbili."

Fyuzi ikiungua, umeme unakatika. Umeme ukikatika, maji.

09:15.

Alifungua redio akaeleza kwa maneno machache: umeme usinzie kidogo, ubongo uanze kuhesabu upya, rilei iendelee kushikilia milango. Kituo kilijibu.

"Una uhakika?"

"Ninamjua fundi."

"Hilo si jibu, Sindano."

"Ndilo nililo nalo."

Akazima redio. Akashika swichi ya pampu. Midomo yake ilitikisika kidogo, sala fupi, isiyo na mapambo.

Akasukuma.

Mota iliguna. Taa zikainama, zikawa nyekundu, zikakaribia kufa. Ndani ya sanduku kioo cha namba kikawa cheusi.

Sindano aliitazama simu.

Taa zikarudi.

Rilei haikulia.

Kioo kikawaka: 180:00. Halafu 179:59.

Mhandisi aliketi sakafuni pale pale.

"Inuka, baba," Sindano alisema. "Pini."

Saa sita na nusu pini ya mwisho iliingia. Sindano akawaficha wote stoo, mlango akauacha kama alivyoukuta. Mhandisi alitaka kujua wanangoja nini.

"Kazi ikigoma, mteja humrudia fundi."

Ikawa hivyo. Saa saba kasoro robo Land Cruiser ilisimama nje. Dereva alichukuliwa kimya kimya na vijana wa Idara waliokuwa wamejificha nje. Mteja aliingia, bastola mkononi, akimsukuma mbele mtu aliyekonda, mikono imefungwa kamba, vidole vya kushoto vimevimba kama ndizi.

Sindano, nyuma ya mlango, hakumtazama kaka yake mara mbili. Macho aliyaweka kwenye bastola.

"Ulisema haikosei," Mteja alinong'ona.

"Fungua niione," fundi alisema.

Mteja aliinama kwenye kufuli. Mdomo wa Beretta ya Sindano ukamgusa kisogoni, baridi.

"Usigeuke."

Aligeuka.

Risasi moja, begani. Bastola ya Mteja iliteleza sakafuni hadi mlango wa stoo, miguuni pa mhandisi, naye akaikanyaga kama mende.

"Niliijaribu," Mteja aliguna, amejishika bega. "Mara kumi. Ilifanya kazi."

"Kila saketi inafanya kazi mezani," Sindano alisema, akimfunga pingu.

Kisha akazikata kamba za kaka yake.

"Uliiona?" kaka aliuliza.

"Umeitia ndogo sana."

"Walikuwa wananikodolea macho mikononi. Nikawaambia ni alama ya kazi iliyokamilika."

Alijaribu kucheka, akakohoa. Sindano akabonyeza namba ya wifi, akamwekea simu sikioni kwa upande wa mkono mzima, akatoka nje. Maneno yale hayakuwa yake kuyasikia.

Bondeni kengele ya shule ililia. Maji ya bwawa yalikuwa meusi, yametulia, kama kitu kinachongoja.

Redio ilikohoa.

"Sindano. Kuna la kuandika kwenye ripoti?"

"Liko moja." Alivaa kofia yake ya pikipiki. "Mzee akiandika tena barua ya pampu mpya, msimjibu."

Akawasha Yamaha.