Tundu la Saba

Jumamosi moja ya mwaka 2003, katikati ya vurugu za soko la Songea, fundi kompyuta Kajetani alikuwa amekumbatia boksi. Dada mmoja mwenye gauni la kijani na mtandio wa njano akampiga kikumbo. Kajetani angejua yaliyo mbele, angeliacha boksi lile palepale.

"Kaka, umebeba mayai?"

"Swichi, dada. Ya kuunganisha kompyuta za kampuni ya kahawa."

"Kumbe kwetu! Mimi Stumai, karani wa zabuni. Uniunganishe vizuri basi."

Akamuunganisha kwenye tundu la saba la swichi. Haukupita mwezi, wakawa wanaitana laazizi.

Meneja, Bwana Rupert, akataka swichi iandike kila tukio: tundu gani limewaka, limezima saa ngapi. Jumatatu saa tatu asubuhi, umeme uliporudi, Kajetani akaelekeza ujumbe wote kwenye kompyuta ya meneja, akaijaza swichi tarehe na saa. Stumai alikuwa mlangoni akimtania, na akili za Kajetani zilikuwa kwenye vishimo vya mashavu yake. Kisha binti akaenda kuwasha kompyuta yake.

Alhamisi, barua ya siri ya zabuni ikakutwa kwa washindani.

"Mchana tupo wote. Nani aliingia humu usiku?" Bwana Rupert aliuliza.

Kajetani akafungua kumbukumbu za swichi. Tundu la saba limewaka, Jumatatu, 03:10. Saa tisa usiku! Na Stumai alimwambia kuwa usiku ule alilala kwa shangazi yake, mtaa wa Ruhuwiko. Wivu ukampanda. Akachapa karatasi, akamkabidhi meneja.

Askari wawili wakamchukua Stumai.

"Kajetani, waambie! Wallahi sijaja usiku!"

"Waambie mwenyewe ulikuwa na nani."

Saa nane mchana, kwa hasira, Kajetani akachomoa waya wa Stumai. Kioo cha kompyuta kikaandika: tundu la saba limezima, 08:00.

Akatazama dirishani. Nje jua lilikuwa kali, swichi inasema ni saa mbili asubuhi. Jumatatu ile, saa tatu, aliijaza swichi 03:00, kwa saa ya Kiswahili, badala ya 09:00 ya Kizungu.

Akakimbia kwa meneja, akakiri. Stumai akaachiwa, Kajetani akafukuzwa kazi.

"Kama si yeye," Bwana Rupert alisema taratibu, "basi mwizi bado yumo humu."

Kajetani alimkuta Stumai kituo cha polisi, shangazi akimfunika kanga.

"Nisamehe, laazizi. Nilikosea saa. Nilitaka kuleta posa kwenu."

"Ya saa nimekusamehe." Macho yalikuwa makavu. "Lakini uliiamini karatasi kabla hujaniuliza mimi. Mume wa hivyo nitamweka wapi?"

Akamshika shangazi mkono, wakaenda zao.