Moto Haukumkataa Gati

"Hivi wewe Gati, unachoma vyungu au unachemsha maji yaliyomo ndani ya udongo?"

Mokami, jirani yake na mfinyanzi mwenzake, aliuliza hivyo akiwa amesimama uani, ugoro kidoleni. Gati alikuwa ameinama anaokota vigae. Asubuhi ile alichoma vyungu vyake vyote ila kimoja, na vyote vilipasuka motoni, pa! pa! pa! mpaka kuku wakakimbilia migombani.

Hiyo ilikuwa Susuni, huko Tarime, katika miaka ya hamsini, masika ya mvua nyingi. Gati alikuwa mjane. Mumewe, Heche, alifariki akamwachia watoto, Robi na wadogo zake, na shamba dogo la wimbi. Wimbi lilikuwa bado bichi. Chakula kilitoka kwenye vyungu: alivipeleka sokoni akarudi na mtama. Vyungu vikipasuka, watoto wanalala njaa.

Na alikuwapo mtu aliyengoja vipasuke. Nyamhanga, ndugu wa marehemu, aliingia uani na fimbo yake.

"Shemeji, umeona mwenyewe? Hii ni mara ya pili. Moto unakukataa. Marehemu amekasirika kwa sababu hutaki kurithiwa. Ingia kwangu, mambo yatengenee."

"Siingii."

"Watoto watakula nini? Vigae?" Nyamhanga akacheka. "Vikipasuka tena, wazee watakuja kukuhamishia kwangu. Nimeshasema nao."

Gati akasimama wima, mikono imejaa majivu.

"Waje. Ndoa yangu ilifungwa kanisani. Aliyemchukua Heche ni Mungu, na Mungu huyo hakuniambia nigawiwe kama ng'ombe. Hapa ndipo kwangu."

Nyamhanga akaondoka huku akitikisa kichwa. Mokami akavuta ugoro, akapiga chafya.

"Haya, mama Robi. Umemaliza kupigana na shemeji yako. Sasa njoo tupigane na udongo."

Akachukua chungu kibichi kilichobaki kando ya ukuta, akakivunja.

"Tazama hapa. Nje kimekauka, kati bado cheusi. Hayo ni maji. Yakipata moto mkali yanakuwa mvuke. Mvuke hauna pa kutokea, basi unapasua ukuta wa chungu."

"Lakini nilivianika juani, dada."

"Jua la masika? Linachungulia tu, linakwenda zake. Tena jua linakausha ngozi ya juu peke yake. Anza kivulini, ndani ya nyumba. Kisha viweke kwenye uchaga juu ya mafiga, moshi uvipitie."

"Nitajuaje vimekauka?"

"Kiweke shavuni. Kikiwa cha baridi, bado kina maji. Usikichome, hata kama shemeji yako atakuja na kijiji kizima."

Gati akacheka, mara ya kwanza siku ile. Akataka kutupa vigae. Mokami akamshika mkono.

"Wee! Vitwange hivyo. Chekecha, changanya na udongo mpya. Udongo mtupu hujibana sana, hauachii maji kutoka."

Gati akatwanga vigae vyake mwenyewe. Akafinyanga upya, akasugua vyungu kwa jiwe laini la mtoni mpaka vikateleza mkononi. Watoto walikula mboga za porini na uji mwepesi, naye kila jioni aliweka chungu shavuni. Baridi. Akangoja. Baridi tena. Wazee wakapeleka salamu kuuliza atachoma lini. Akajibu, "Vikikauka." Mpaka jioni moja shavu lake halikusikia ubaridi wowote.

Siku ya kuchoma, Gati alisali kwanza. Nyamhanga akaja, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Nimekuja kusikia mlio," akasema.

"Karibu," Gati akajibu.

Hakuwasha moto mkubwa. Alizungusha vyungu kando ya moto mdogo, akavigeuzageuza mpaka vikapata moto hata ndani. Ndipo akavipanga juu ya kuni, akavifunika kwa samadi kavu na nyasi, na juu kabisa vigae vikubwa vya kuzuia upepo. Moto ukapanda. Nyamhanga akainamisha sikio. Kuni zikalia. Vyungu vikanyamaza.

Kisha Gati akavitoa kwa mti mrefu, kimoja kimoja, vyekundu kama makaa. Mokami akavirushia maji meusi ya magome ya mgunga yaliyochemshwa. Chwaaa!

"Maji haya yanaziba vitundu vidogo," Mokami akasema. "Chungu hakivuji, tena kinang'aa."

Vikang'aa kweli, rangi ya kahawa. Vilipopoa, Gati akachukua kikubwa, akakiweka mbele ya Nyamhanga.

"Gonga, shemeji. Fimbo unayo."

Nyamhanga akagonga. Ngiii! Akagonga upande wa pili, kwa nguvu zaidi. Ngiii! Sauti safi, haina ufa.

"Ulikuja kusikia mlio," Gati akasema. "Ndio huo. Kawaambie wazee."

Efrazia, mke wa jirani mwingine, alikuwa akipita na kikapu cha mtama kichwani. Aliposikia mlio ule akaingia.

"Hicho ni changu!" akasema, na kuteremsha kikapu miguuni pa Gati.

Nyamhanga akatazama mtama. Akatazama chungu. Akainuka kwenye kigoda, akakwapua fimbo yake, akatoka uani.