Nakshi Chini ya Uso wa Saa

Saa ilikuwa pale mezani, inatembea vizuri tu, na bado mtu alikuwa akidai imeibwa.

"Imeibwa nini sasa?" Inspekta Sofia Nalinga aliuliza. "Si hii hapa?"

"Hilo ni ganda, afande," alisema Felisian. "Utumbo umechukuliwa."

Akafungua mfuniko wa nyuma. Ndani mlikuwa na mashine ya chuma kikavu, haina pambo lolote. Marehemu mjomba wake, Mzee Nicholaus, alikuwa akiwafungulia nyumba nzima saa hiyo ya mkono kila Krismasi wachungulie: mistari ya mawimbi juu ya vyuma, skrubu za buluu, maandishi ya dhahabu. Nachingwea yote iliijua saa ile kwa uso. Kwa ndani waliijua wa nyumbani peke yao.

Felisian alikabidhiwa siku ya arobaini. Yeye ni mtoto wa dada wa marehemu, na kwa Wamwera mpwa ndiye mrithi. Alifika nyumbani, akafungua ili afurahi, akakuta chuma kitupu.

Mshukiwa alikuwa tayari mahabusu. Lukumani, fundi saa wa Ruangwa, Myao, mtani wa familia. Siku ya mazishi aliinyakua saa mbele ya waombolezaji wote, akaondoka nayo, akairudisha kesho yake ilipokombolewa kwa jogoo. Ndivyo watani wafanyavyo. Hakuna aliyeshangaa.

Aliyeharibu mambo ni Koplo Faridi, mgeni kutoka Kanda ya Ziwa, asiyejua utani wa huku. Alimwuliza Lukumani kama ameiba, Lukumani akasema ndiyo, koplo akaandika maelezo ya kukiri kosa, akayafunga vizuri kwenye jalada. Kesho yake kesi ilikuwa inakwenda mahakamani. Sofia aliposoma maelezo yale alitamani kulia.

Akamtoa Lukumani mahabusu.

"Umechukua mashine?"

"Nimechukua."

"Iko wapi?"

"Nimeila na ugali. Msibani kwa Wamwera mboga hakuna, afande. Ningefanyaje?"

Sofia alipiga meza. "Lukumani! Hapa si msibani! Kwa maneno hayohayo kesho unafungwa!"

"Nifungwe na mtani wangu? Thubutu! Nani atakuja kumzika?"

Lo! Kumbe mtu mzima huyu alidhani hata kesi yenyewe ni utani. Alikuwa akisubiri Felisian aje kumkomboa, wacheke, waende zao. Sofia alimrudisha mahabusu.

Akaendesha gari hadi Ruangwa, vumbi mpaka kwenye meno. Kibandani kwa Lukumani, nyuma ya soko, alipekua makopo ya majani ya chai yaliyojaa vyuma vya saa. Mashine nyeusi, mashine zenye kutu, nyingine zimepakwa rangi ya dhahabu kudanganyia macho. Yenye mawimbi, hakuna. Akarudi Nachingwea mikono mitupu, amekasirika hata na gari.

Jioni alinakili namba iliyogongwa kwenye mashine ile kavu, akaitafuta kwenye simu. Picha zikaja. Kiwanda kilitoa mashine hiyohiyo kwa namna mbili: moja kavu, nyingine yenye nakshi. Akazitazama pande zote, mbele na nyuma, huku akijilaani. Kazi yake ilikuwa kukamata wezi wa korosho. Mambo ya skrubu za buluu alikuwa hayataki kabisa.

Asubuhi, kabla ya mahakama, akawaita wa nyumbani mmojammoja waieleze mali iliyopotea. Felisian alitaja mawimbi, skrubu na maandishi. Mama yake, Bibi Dafrosa, akataja hayohayo. Wa mwisho alikuwa Teofili, mtoto wa kumzaa wa marehemu, mpole, mwenye sauti ya chini.

"Mawimbi," alisema. "Skrubu za buluu. Maandishi. Na vile viduara vidogo vilivyopandana kama magamba ya samaki."

Kalamu ya Sofia ikasimama.

"Viduara viko upande gani?"

"Si kwenye mashine yenyewe, afande?"

"Mashine ina pande mbili. Upande gani?"

Teofili akatupa jicho mlangoni.

"Nyuma kuna mawimbi tu," Sofia alisema. "Viduara viko mbele, chini ya uso wa saa. Kuviona lazima ung'oe mishale, ung'oe na uso wenyewe. Baba yenu alikuwa anaing'oa Krismasi?"

"Hapana."

"Lakini anayehamishia uso kwenye mashine nyingine ataviona. Au nakosea?"

Teofili akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso iliyofungwa fundo, akaiweka mezani. Mashine ilikuwa ndani, mawimbi yanametameta.

"Umetembea nayo siku zote?"

"Ningeiacha wapi?"

Alikuwa amepata saa chakavu ya aina ileile, mashine yake kavu lakini nzima, kwenye mnada wa nguo kuukuu, akabadilisha matumbo baba akiwa bado mgonjwa. Mtani alipoinyakua msibani, Teofili alimshukuru Mungu.

"Na ulimwacha Lukumani aozee ndani?"

"Nilijua atatania tu, afande. Nilijua na watu watamwamini."

Sofia alimpigia simu Faridi amtoe Lukumani mara moja, kisha akamgeukia Teofili kwa hasira iliyokuwa imemjaa tangu jana.

"Kwa nini?"

"Nilimwogesha mimi. Uji nilimnywesha mimi. Felisian alikuwa anakuja Jumapili, anakaa kidogo, anaondoka. Na saa ni yake, kwa sababu mama yake ni dada wa baba! Nikasema achukue ganda. Ya ndani ni yangu."

"Mzee hakugundua?"

"Siku moja kabla hajafa aliomba nimfungulie aangalie. Nikamwambia haifunguki, imekaza."

"Akasemaje?"

Teofili aliinamisha kichwa.

"Akasema basi, mwite Felisian. Yeye ataweza."