Mgeni wa Chumba cha Nyuma

WARAKA WA KATA KUHUSU KUONDOLEWA KWA KENGELE, NGOMA NA VIFAA VINGINEVYO VYA KISHIRIKINA MAJUMBANI KABLA YA UKAGUZI WA MAJIRA YA BARIDI.

Aliyeuandika ni Kwon Taeksu, karani wa kata pembezoni mwa Daegu, na fahari yake ilikuwa lile neno "vinginevyo", lililofagia hata vitu ambavyo kata haikuwa na majina yake. Jioni alipoubandika alirudi nyumbani, akakuta mkewe Okbun ameandaa bakuli moja la wali zaidi.

"Nani anakuja?"

"Kashafika. Yuko chumba cha nyuma. Punguza sauti, Baba Inho."

Chumba cha nyuma hakikuwa na mtu. Tangu baridi ianze, Okbun alikuwa akishonea humo nguo za wateja, mlango kaufunga, sakafu ikipata joto la makaa ya jikoni ambayo moshi wake hupita chini kwa chini, kama nyumba zote za mtaa ule. Taeksu alinusa. Aliisikia harufu ya karatasi mpya ya mafuta waliyotandika sakafuni, basi. Okbun alisema ni ubani.

Ikawa kila siku. Alimkuta sindano imesimama hewani, mashavu mekundu, anaitabasamia kona huku machozi yakimtiririka.

"Anatikisa kengele ndogo," alinong'ona. "Halafu kila kitu kinakuwa kimoja, mimi na uzi na ukuta. Sijawahi kupendwa hivyo."

Taeksu, mume wake wa ndoa, hakujua sentensi ile aiweke wapi.

Mama yake Taeksu, aliyeishi nao, hakuujali waraka. Alimwita Bi Seo, mganga wa mizimu, aliyefika mikono mitupu.

"Kengele zangu mmezichukua ninyi," alimwambia Taeksu.

"Ziko stoo. Zimeandikishwa."

"Hongera." Akamshika Okbun kidevu, akamtazama kwa muda mrefu. "Huyu ameitwa. Akikubali, atatoka nyumba hii, awe mganga kama mimi. Akikataa, mizimu itachukua mwingine. Mara nyingi huanza na mtoto."

Inho alikuwa amelala mgongoni kwa bibi yake, mdomo wazi. Okbun alimtazama, akaanza kukunja nguo zake.

"Isije ikawa ni gesi ya makaa," Taeksu alisema.

"Gesi?" mama yake alimjibu. "Si uliipitisha nyumba hii mwenyewe kwamba sakafu yake haina ufa?"

Kweli. Aliipitisha kwa muhuri, ameketi ofisini na kikombe cha chai, pamoja na mtaa mzima, kama ilivyo desturi ya kata.

Kesho yake mchana, Okbun akiwa sokoni kutafuta kitambaa cha kufungia mizigo, mawingu yalikuwa mazito kiasi kwamba moshi ulilala juu ya mapaa ukakataa kupanda. Taeksu aliingia chumba cha nyuma kumuumbua jini. Akafunga mlango, akaketi. Kimya. Kisha kengele, ndogo, mbali, labda ya muuza tofu ya soya barabarani, isipokuwa haikupita, ilisogea, ikaingia chini ya sakafu, ikapanda kwenye mifupa ya makalio na uti wa mgongo, na harufu ya ubani ikaja, na kona ikaanza kujaa mtu bila mtu kuwemo, na Taeksu akataka kuinuka lakini miguu ilikuwa ya mwingine, na badala ya hofu, hilo ndilo lililomtisha baadaye kuliko yote, alijikuta amesamehewa kila kitu, mihuri yote, na ukuta ukampenda, na marehemu baba yake akamwambia lala, mwanangu, lala.

Kilichomwokoa ni kichwa chake kizito kilichogonga mlango ukafunguka. Mama yake alimburuta hadi kwenye theluji, akammiminia mdomoni maji ya figili zilizochachuliwa, dawa wanayopewa waliopigwa na gesi.

"Mpumbavu wewe," alimwambia, akilia. "Hii ni gesi."

Chini ya karatasi mpya, pale kasha la nguo liliposimama, walikuta ufa mweusi wa masizi. Taeksu aliuziba kwa saruji kwa mikono yake. Bi Seo alipoambiwa aliuliza tu kengele zake zitatoka lini. Okbun alikunjua nguo zake, na bakuli la ziada likarudi kabatini.

"Wewe ulimsikia?" alimuuliza mumewe walipokuwa wakila.

"Nilivuta sumu, Mama Inho."

"Nimekuuliza kama ulimsikia."

"Nilimsikia."

"Sasa mbona ulimfungia mlango?"

Siku iliyofuata yenye mawingu Taeksu alirudi mapema kutoka ofisini. Chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa. Alimkuta Okbun amelala kifudifudi, shavu jekundu sakafuni, akitabasamu. Alimbeba hadi uani. Mkewe alipumua, akafumbua macho, na baridi ilipompiga lile tabasamu likatoka usoni mwake kidogo kidogo, kama mtu anayesikia mlango ukifungwa.

Taeksu alirudi kutazama sakafu. Karatasi ilikuwa imefunuliwa kwa uangalifu wa mshonaji, na kando ya ufa palikuwa na vumbi la saruji na kijiko cha wali kilichopinda.

Hapakuwa na jini. Okbun aliukwangua ule ufa mwenyewe, mchana, akili zake zikiwa timamu.