Pumzi Ndani ya Bomba

Taa ya njano iliwaka asubuhi moja gari likiwa limesimama uani, na Fundi Kiraka akacheka. Ni ile taa ndogo kwenye dashibodi, yenye umbo la tairi na alama ya mshangao katikati, inayomwambia dereva kwamba tairi mojawapo limepungua upepo. Kwa mtu mwingine ingekuwa taa tu. Kwa Kiraka ilikuwa kichekesho, kwa sababu ndani ya matairi ya gari lake kuukuu hamkuwa na kitu cha kuiwasha.

Kiraka alikuwa fundi wa njia za mkato. "Taa ni mdomo tu," alizoea kuwaambia wateja. "Ukiuziba, gari linatulia." Taa ya oili aliifunika kwa selotepu nyeusi. Ya injini aliichomoa balbu. Ya upepo ilikuwa na dawa yake ya pekee. Ndani ya kila gurudumu mna kidude cha kupimia upepo, mafundi wanakiita sensa, na tairi likianza kuvuja ndicho kinachopeleka habari mbele. Kwa kila gari Kiraka alizing'oa sensa zote nne, akazitia katika kipande cha bomba la plastiki, akaziba ncha kwa gundi, akalijaza upepo na kulilaza kwenye buti. Kuanzia hapo sensa zikawa zinapima upepo wa bomba, na taa ikalala usingizi hata kama matairi yenyewe yamechakaa kama kandambili za bafuni. Wateja walimwita mtaalamu. Mimi nina jina jingine, lakini tuendelee.

Asubuhi ile Kiraka alifungua buti la gari lake, akalitoa bomba na kulizamisha kwenye beseni la maji. Halikutoa hata povu moja. Akachomeka mashine ya kusomea gari ili aone sensa zinasema nini, na hapo kicheko kikamwisha. Namba za upepo zilikuwa zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, polepole, bila kukosea mpigo. Alizitazama mpaka akagundua kwamba kifua chake mwenyewe kimeanza kuzifuata.

"Mashine mbovu hii," akasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Nyumbani alikuwa na mkewe na binti yao wa pekee, aliyerudi kwa wazazi kujifungua mtoto wa kwanza kwa sababu mumewe alikuwa kazini mbali. Tumbo lilikuwa limeshashuka. Alasiri alipenda kujilaza kiti cha nyuma cha gari, milango wazi, kwa kuwa uani palikuwa na kivuli na kile kiti kilimpumzisha mgongo. Siku ya pili tangu taa iwake, aliingia jikoni akiwa ameshika ukuta.

"Mama," akanong'ona, "nani amekaa na mimi garini?"

"Hakuna mtu uani, mwanangu. Baba yako yuko hapa anakula."

"Kuna mwanamke. Sijamwona, nimemsikia anahema. Kaniwekea mkono hapa." Akagusa tumbo upande wa juu. "Baridi, unabonyeza kama wa nesi anayetafuta kichwa cha mtoto. Halafu akasema nami sikioni."

"Kasema nini?"

Binti akamtazama baba yake. "Kasema mtoto amekaa vizuri. Na kasema nimuulize baba, pumzi iliyo kwenye bomba ni ya nani."

Mama akamvuta binti kifuani, na puani mwake ikapanda harufu iliyokuwa imeshika lile gauni, spiriti ya hospitali iliyochanganyika na mpira ulioungua. Kijiko kilikuwa kimemponyoka Kiraka na hakukiokota.

Alijua. Kabla ya hapo, bomba lile lilikuwa kwenye gari jingine la aina ileile, la nesi mkunga wa zahanati. Nesi alimletea taa ile ile ya njano akitaka aangalie matairi. Kiraka aliangalia. Tairi la mbele lilikuwa na kinundu ubavuni, kama jipu linalosubiri kuiva, na alikiona kwa macho yake mawili. Lakini foleni ilikuwa ndefu na kulibadilisha tairi ni kazi, kwa hiyo akamtengenezea bomba, taa ikazima, akamwambia, "Nenda, sista, limepona." Nesi akamshukuru. Haukupita muda akaitwa kwenda kuzalisha mwanamke, na kwenye mteremko tairi likapasuka, gari likabiringika.

Kiraka alikuwa miongoni mwa waliofika mwanzo. Wenzake walikimbilia kwa nesi, yeye akakimbilia buti. Alilichomoa bomba na kulificha ndani ya shati, na alipoinuka akayakuta macho ya yule mwanamke kwenye kipande cha kioo, wazi, yakimtazama. Bado alikuwa anahema. Alipokata roho, Kiraka alishafika barabarani.

Ubaya wenyewe haukuishia hapo. Watu walipouliza, Kiraka alisema alimwonya mume wa marehemu abadilishe matairi, mume akapuuza. Mume alikuwa mwalimu, mtu mpole asiyejua gari linakula nini. Wakwe waliamini, wakamwita muuaji mbele ya waombolezaji na kuwachukua watoto wake wawili. Na Kiraka, kwa ubahili wake, alipoona sensa bado nzima, akalitia bomba kwenye gari lake mwenyewe bila hata kuubadilisha upepo uliokuwamo.

Sasa alitaka kulitupa. Akalipeleka jalala la mbali, akalifukia. Taa ikaendelea kuwaka. Akafungua dashibodi na kuchomoa balbu, akaishika kiganjani, na pale kwenye tundu tupu mwanga wa njano ukaendelea kumwangalia. Kisha sauti ikahamia ndani ya nyumba, kwanza sss nyembamba nyuma ya kabati ambayo ungeweza kuidhania gesi, halafu chini ya kitanda, halafu bafuni jioni mtu anapojimwagia maji na kufumba macho kwa ajili ya sabuni, na kila walipoitafuta ilikuwa chumba cha pili, na kila ilipokaribia mlango wa binti iliacha kuwa ya upepo unaovuja na ikawa ya mtu aliyebanwa kifua, anayevuta hewa kidogo na kuitoa yote, kidogo na kuitoa yote, mpaka wote watatu wakawa wanalala sebuleni wameshikana mikono.

Mkewe ndiye aliyemleta mtabibu, bibi mfupi mwenye pochi kubwa kwapani.

"Shikamoo, bibi," Kiraka akasema.

"Marahaba. Lete ufunguo."

Bibi aliingia kiti cha nyuma, akafunga milango, akakaa humo muda wa kutosha chungu kuchemka. Alipotoka uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Ni jini," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini hakuja na lake. Damu ikimwagika, na anayejua ukweli akanyamaza, jini huiokota akaidai yeye. Huyu amevaa sauti ya marehemu, na anajua kudai kuliko wakili."

"Mfukuze, bibi. Akitaka mbuzi, nitachinja."

"Hali nyama huyu. Anataka useme. Nenda kwa mwenye msiba, umwambie ulichofanya kwa mdomo wako, kabla binti hajajifungua. Yule mwanamke alikufa akiwa njiani kwenda kuzalisha, na jini wake naye anangojea uzazi."

"Nisiposema?"

Bibi akabana pochi yake. "Nimeliona tumbo la binti yako. Usinitamkishe."

Mkewe akamgeukia mumewe. "Kuna nini cha kusema, baba?" akauliza, naye akajibu kwamba wazee wana mambo yao. Mwongo wa kuzaliwa huyo.

Alikwenda lakini. Tumpe haki yake, alikwenda. Mwalimu mgane alimpokea vizuri, akamtolea kiti na glasi ya maji. Mlangoni palikuwa na viatu viwili vidogo vya shule, vimepigwa rangi, havina wa kuvivaa. Kiraka akafungua mdomo.

"Nimekuja kukupa pole tu, mwalimu."

"Asante, fundi. Najua uliniambia kuhusu yale matairi." Mwalimu alikuwa akisugua paji la uso wake. "Kila siku najaribu kukumbuka uliniambia lini, sikumbuki. Nadhani nilikuwa na mambo mengi. Mungu anisamehe."

Maskini alikuwa ameshauamini uongo ule mpaka akaanza kuutubia. Kiraka alimaliza maji yake, akaaga, akaenda zake.

Uchungu ulimshika binti mchana kweupe. Walipiga simu za teksi, hazikupokelewa. Jirani mwenye gari alikuwa safarini. Likabaki lile lile. Mama akapanda nyuma na binti, Kiraka akashika usukani huku akijitia moyo kwamba amekagua kila tairi kwa mikono yake, na matairi kweli yalikuwa mazima. Taa ya njano, isiyo na balbu, ilikuwa inapepesa.

Njia ya hospitali ilishuka ule mteremko. Walipoanza kuteremka harufu ya spiriti ikajaa garini, vioo vikaingia ukungu kwa ndani kama vile kuna watu wengi wanaohema, na nyuma binti akaacha kulia, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kilio, kwa sababu alipoangalia kioo Kiraka alimwona mwanawe amefungua mdomo na hakuna hewa inayoingia, kifua kinabonyea taratibu kama tairi lenye msumari, midomo inageuka rangi, na mama anampigapiga mgongo na kumwita, na kati yao, mahali ambapo hapakuwa na mtu, mikono miwili inambonyeza binti, mmoja kwenye tumbo kwa upole kabisa na mwingine kwenye koo.

"Sema," mkewe akanong'ona. "Chochote ulichofanya, sema. Anakufa."

Kiraka akasimamisha gari, akapiga simu kwa mwalimu.

"Mwalimu, mimi Kiraka. Sikukuonya. Sikuwahi kukwambia kitu. Nilikiona kinundu kwenye tairi la mkeo nikanyamaza, nikaizima taa kwa bomba, nikamwambia limepona. Nililichomoa bomba wakati yeye bado anahema."

Sauti ya mwalimu ikaja, kavu: "Subiri. Nipo ukweni, nimekuja kuwaona wanangu. Naweka spika. Sema tena."

Akasema tena, mbele ya wakwe, mbele ya mkewe, na kabla hajamaliza taa ikazima. Binti akavuta hewa kwa mlio mrefu, akaanza kulia kilio cha kawaida cha mwanamke anayezaa. Hawakujua kama wacheke. Mtoto wa kiume alizaliwa muda mfupi baada ya kufika, mzima, mwenye mapafu ya mpiga mbiu. Na watoto wa mwalimu walilala kwa baba yao usiku huohuo.

Kiraka alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali, amefumba macho, akionja utulivu, pale kifua chake kilipoanza kupungua. Hewa ilitoka sss na haikurudi. Alijikwaruza shingo, manesi wakamkimbilia, na kwa ile hewa ya mwisho midomo yake ikajisemea yenyewe: "Nilikiona kinundu nikanyamaza." Pumzi ikarudi.

Madaktari walipiga picha mapafu yake, hawakuona tundu. Mkewe alimrudia mtabibu akilalamika kwamba masharti yalitimizwa.

"Nilisema jini anataka mumeo aseme," bibi akajibu. "Sikusema mara moja."

Basi amesema. Amewaambia wateja mpaka wakamwisha. Amewaambia polisi, na huenda ndiye mtuhumiwa pekee waliyewahi kumsihi anyamaze. Ameliambia dirisha. Akilala, huamka amekabwa pumzi na kuanza pale alipoishia. Mkewe amehamia chumba cha binti.

Mjukuu wake alikuwa ameanza kukaza shingo siku binti alipolegea moyo. "Mshike, baba," akasema, "lakini yeye usimwambie."

Kiraka akampokea. Akabana midomo. Mtoto alikuwa na joto la mkate, akamshika babu yake kidole, na Kiraka akatamani dakika moja tu, nyingine, nyingine tena. Uso ukaanza kuwa mweusi. Binti akanyoosha mikono, "Nipe, baba," naye akatikisa kichwa, machozi yanamtoka, anamng'ang'ania. Harufu ya spiriti ikapita kati yao. Kisha akainama kwenye sikio lile dogo na kumwambia yote, kinundu, bomba, macho kwenye kioo.

Binti akamnyang'anya mwanawe, akaingia naye chumbani na kufunga mlango kwa komeo. Kiraka akabaki pale pale, akiusimulia mlango.