Kiungo Kisichofunguliwa

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu alivua sare ya shule, akala chakula alichowekewa, kisha akavuka barabara kwenda dukani kwa shangazi yake. Jina hilo la utani alipewa na wanafunzi wenzake, kwa kuwa hakujua kufanya jambo polepole. Hata ubao wa darasani aliufuta kama mtu anayekimbizwa.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya kutolea nakala na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza. Watu walileta matangazo yao ya minada, mikutano na misiba, naye shangazi akayatuma kwenye simu za wakazi wa mtaa mzima. Ujumbe wa simu hauna nafasi ya maneno mengi, hivyo anwani ndefu za kurasa za mtandao zilibidi zifupishwe ziwe viungo vya herufi chache. Zamani kazi hiyo ilichosha. Baadaye binamu yake Chapuchapu, aliyekuwa fundi wa kompyuta, aliandika programu ndogo ya kuirahisisha. Ukishanakili anwani ndefu, unaandika neno "fupi" na nukta mbili tu. Programu inaichukua anwani iliyonakiliwa mwisho, inaifupisha, na kuiweka kwenye ujumbe kabla hujapepesa macho.

Shangazi aliipokea programu hiyo kwa sharti moja. Alitundika simu kuukuu ukutani kwa kamba, na hakuna kiungo kilichoruhusiwa kutoka dukani kabla hakijafunguliwa kwenye simu ile na kutazamwa kwa macho. Binamu alimtania kwamba amenunua gari na bado anatembea mbele yake kwa miguu. Shangazi hakucheka.

Alasiri moja bwana afya wa mtaa aliingia akitokwa jasho. Bomba la maji machafu lilikuwa limepasuka ardhini, na uchafu ulikuwa umeingia katika baadhi ya mabomba ya maji ya kunywa. Alieleza kwamba mabomba yenye hatari yalionyeshwa kwenye ramani katika ukurasa wa kituo cha afya, na kwamba ramani ilibadilishwa kila majibu ya vipimo yalipotoka. Ndiyo maana ujumbe ulihitaji kiungo. Shangazi aliandika onyo yeye mwenyewe: watu wasinywe maji kabla ya kufungua ramani. Kisha alimwachia Chapuchapu kazi ya kuweka kiungo na kutuma, akatoka na bwana afya kwenda kutafuta fundi wa kuyafunga mabomba hayo.

Wakati huo huo msichana aliyekaa naye dawati moja shuleni alichungulia mlangoni, ndoo tupu mkononi. Alikuwa amesikia habari za programu ile na hakuziamini.

"Hesabu mpaka tatu," Chapuchapu alimwambia.

"Usinifanye mtoto mdogo, wewe."

"Hesabu tu."

Vidole vilikimbia juu ya kibodi. Alinakili, au alidhani amenakili, akaandika "fupi" na nukta mbili, kiungo kikatokea, akatuma. Rafiki yake alikuwa bado hajafika tatu. Aliguna kwa mshangao, akauliza ujumbe wenyewe ulihusu nini.

"Maji. Utausoma kwenye simu ya mama yako," Chapuchapu alijibu, akijinyoosha kitini kama bosi.

Rafiki alibeba ndoo yake akaenda bombani. Simu ya ukutani ilibaki imening'inia.

Asubuhi iliyofuata nafasi ya rafiki ilikuwa wazi. Mwalimu wa darasa alisema kwamba mdogo wa kiume wa msichana huyo amelazwa katika kituo cha afya kwa kuhara na kutapika, na kwamba wagonjwa wengine kadhaa wa mtaa huo walikuwa hapo kituoni. Masomo yalipokwisha Chapuchapu hakwenda nyumbani kula. Alikimbia dukani, akaishusha simu ya ukutani, akakifungua kiungo alichokituma jana.

Kikafungua tangazo la mnada wa viatu.

Ilikuwa kazi ya asubuhi ya jana. Kidole hakikubonyeza sawasawa alipotaka kunakili anwani ya ramani, na programu ilichukua ile iliyokuwapo. Watu wa mtaa walikuwa wameona viatu, wakacheka hila za wafanyabiashara, wakaendelea kuteka maji.

Binamu yake, aliyekuwa akitengeneza mashine ya nakala, alimwonea huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya. "Sema mtandao ulisumbua," alimnong'oneza. "Shangazi akiipoteza kazi ya kituo cha afya, sote tutaumia. Nani atajua?"

Chapuchapu aliitazama ndoo ya maji iliyokuwa pembeni ya mlango. Fundi wa mabomba alikuwa bado hajapatikana, na kila dakika ambayo angenyamaza, kuna mtu angekunywa.

Alimfuata shangazi nyuma ya duka, akamweleza yote bila kuacha neno. Shangazi hakumkaripia. Alirudi ndani, akasimama nyuma ya kiti. Chapuchapu alinakili anwani, akaandika "fupi" na nukta mbili, akakifungua kiungo kwenye simu ya ukutani, akasubiri mpaka ramani ikaonekana yote. Ndipo akatuma.

Kisha walikwenda kituo cha afya. Bwana afya aliwasikiliza huku uso umemwiva kwa uchovu; akasema walikuwa wakijiuliza tangu jana kwa nini watu hawalisikii onyo. Akaongeza kwamba bibi mmoja wa mtaa huo amezikwa mchana. Hakuna aliyeweza kusema kama ujumbe sahihi ungemwokoa. Chapuchapu angeibeba hali hiyo ya kutojua kwa muda mrefu.

Kitandani, mdogo wa rafiki yake alikuwa amelala na mrija wa dripu mkononi, macho yamezama, midomo imekauka. Chapuchapu alimweleza mama wa mtoto alichofanya. Mama hakumtazama.

"Nimesikia, mwanangu. Nenda."

Mtoto alipona, taratibu. Rafiki alirudi darasani na kukaa dawati jingine, wala Chapuchapu hakuthubutu kumwuliza sababu. Kituo cha afya kiliendelea kuleta matangazo yake, ila bwana afya sasa alisimama hapo hapo mpaka kazi ikamilike.

Siku moja rafiki aliingia dukani. Shule ilikuwa imepanga mkutano wa wazazi, naye alitumwa kuleta tangazo. Chapuchapu alitayarisha ujumbe.

"Kifungue kwanza," rafiki alisema. "Nione."

Chapuchapu alimpa simu, kamba ikinyooka kati yao. Rafiki alisoma ukurasa mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka bila kuaga.

Shangazi aliyaona yote kutoka kwenye kiti chake. "Programu haikukukosea," alisema. "Ilifanya ulichoiambia, upesi kama ulivyotaka. Kutazama kile unachompelekea mwenzio ni kazi yako, na hiyo huwezi kuiachia mashine. Uliposema kweli uliwaokoa wengi, nami najivunia hilo. Lakini kumbuka, mwanangu, kwamba siku ile kukifungua kiungo kungekuchukua muda mfupi kuliko kuhesabu mpaka tatu."

Kisha akaitundika simu mahali pake, akamwita mteja aliyefuata.