Chupa Yenye Uzi Mweusi

Mwalimu Yeremia alikutwa amekufa kitandani kwake Kilakala. Madumu mawili ya lita tano tano ya maji aliyochotewa jana yake yalikuwa matupu kabisa.

Inspekta Regina aliyatazama madumu kabla hajamtazama marehemu. Mzee wa miaka sabini na moja, mkavu kama fimbo yake ya kutembelea, alikuwa amekunywa lita kumi za maji peke yake, na bado midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Nani alimkuta?"

"Mimi, afande." Aliyejibu alikuwa Mama Mwanahawa, jirani aliyekuwa akimletea uji kila asubuhi. Bakuli bado alikuwa amelishika. "Nimegonga, kimya. Nikasukuma mlango."

"Jana ulimwona?"

"Nilimwona. Alikuwa anatapika. Na mdomo wake ulinukia kama embe lililoiva likapitiliza. Nikamwambia, Mwalimu, twende hospitali. Akasema tarehe yake ya daktari bado."

"Bado mpaka lini?"

"Alhamisi ya wiki ijayo. Mwalimu alikuwa mtu wa ratiba, hata kufa nilidhani atapanga."

Nje, mtaa ulikuwa umeshatoa hukumu. Aliyemtilia mzee sumu ni mpwa wake Kelvin, kwa sababu wiki mbili nyuma walisikika wakigombana, na neno "nyumba" lilitajwa. Mtaa hauhitaji vielelezo wala mashahidi. Unahitaji mtu wa kunyooshewa kidole tu, na Kelvin alikuwa mrefu, anaonekana hata kutoka mbali.

Koplo Dennis alifungua friji ndogo iliyokuwa pembeni ya kitanda. "Afande, njoo uone."

Ilikuwa chupa ya insulini, robo yake imetumika. Kwenye kioo, kwa ndani, chembechembe nyeupe zilikuwa zimeganda. Boksi lake lilinuka moshi. Kibandiko kilikuwa na jina la mtu mwingine: Mikaeli, wa Kinole. Na shingoni mwa chupa palikuwa na uzi mweusi, umezungushwa mara mbili na kufungwa fundo dogo la makini.

Regina aliugusa uzi ule kwa ncha ya kalamu. Hakuelewa, na hakupenda kitu asichokielewa kikae chumba kimoja na maiti.

Daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti hakuchelewa.

"Sumu hakuna. Sukari imepanda mpaka kipimo kimeshindwa kuisoma, na damu imejaa tindikali. Huyu ni mgonjwa wa kisukari aliyekosa dawa."

"Tumbo lake lina alama mpya za sindano."

"Basi alichojidunga hakikuwa dawa, Inspekta."

Maabara ilipomaliza kazi yake ilisema jambo hilohilo kwa maneno marefu zaidi. Insulini ilikuwa halisi, haikughushiwa. Joto kali la siku kadhaa ndilo lililoiua.

Kelvin walimfuata Mazimbu, chuoni alikokuwa fundi umeme. Alishuka kwenye ngazi bila kubishana.

"Mligombana na mjomba wako?"

"Tuligombana."

"Kuhusu nyumba."

"Kuhusu dawa, afande. Nilimwambia auze nyumba anunue dawa, aje akae kwangu. Akasema hawezi kuuza nyumba ili anunue kitu ambacho alikikatia bima miaka thelathini na minne."

"Kwani bima hakuwa nayo?"

"Kadi anayo! Inang'aa. Ila tangu bima watoe kitita kipya cha matibabu, duka la dawa haliruhusiwi kumpa insulini mpaka daktari bingwa asaini fomu. Bingwa mmoja, foleni miezi miwili. Ukishasainiwa, unaambiwa kachukue hospitali. Ukifika hospitali, dawa hakuna."

"Sasa alikuwa anaipata wapi?"

Kelvin alijifuta vumbi mikononi, taratibu, kama anayetafuta pa kukimbilia.

"Kwa Shadia. Afande, nakuomba, usimfunge yule mama. Watu wangapi wako hai kwa sababu yake?"

Shadia alikuwa muuzaji katika duka dogo la dawa karibu na kituo cha bodaboda, mwanamke wa miaka arobaini hivi mwenye sauti ya chini. Utotoni alifundishwa na Mwalimu Yeremia. Kitita kipya kilipotoka, aliwakusanya wagonjwa wa kisukari ishirini na wawili, wakaunda umoja wakauita Wema Hauozi. Aliyepata dawa mwezi huu alimgawia aliyekosa. Na aliyefariki, ndugu zake walirudisha chupa zilizobaki, maana maiti haimdai mtu sindano. Sheria hairuhusu dawa ya mgonjwa mmoja kupewa mwingine. Lakini sheria hiyo haikuwahi kulala na njaa ya insulini.

"Chupa hii ulimpa wewe?" Regina aliiweka juu ya kaunta, ndani ya mfuko wa vielelezo.

"Nilimpa."

"Unajua ni kosa?"

"Najua. Na kumwacha afe ni nini?"

"Amekufa, Shadia."

Shadia aliishika kaunta kwa mikono miwili. Regina alimwacha apumue.

"Ilitoka kwa nani?"

"Kwa marehemu Mzee Mikaeli wa Kinole. Alifariki mwezi uliopita, alikuwa mwenzetu kwenye umoja. Mkewe ndiye aliyeileta."

"Ulijua kwamba imeharibika?"

"Sikujua."

Lile jibu lilitoka haraka kuliko mengine yote. Swali la uzi lilikuwa kwenye ulimi wa Regina, lakini alilimeza. Ukimuuliza mtu jambo ambalo wewe mwenyewe hulijui, unampa nafasi ya kukutungia.

Kesho yake asubuhi Regina na Dennis waliipita Kiroka wakaanza kupanda milima. Kinole walikuta karafuu zimeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, na mjane wa Mzee Mikaeli akizigeuza kwa mkono. Aliitwa Bibi Anastasia, na bado alikuwa amejifunga kitambaa cheusi cha msiba kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Polisi na karafuu wapi na wapi?"

Regina alimwonyesha picha ya chupa kwenye simu. Bibi aliitazama muda mrefu.

"Ya mzee wangu hiyo."

"Mlikuwa mnaihifadhi wapi?"

"Umeme umeishia barabarani, kwangu bado. Mzee aliiweka mtunguni. Chini mchanga na maji, juu kitambaa kibichi. Miaka sita, mwanangu, haikuharibika hata moja."

"Sasa hii iliharibikaje?"

Bibi Anastasia alicheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe.

"Watani."

Akawasimulia. Siku ya maziko watani walifika, kama inavyopasa, maana msiba usio na watani kwao si msiba bali ni kuzika tu. Mmoja aliingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Wengine waliingia ndani wakauteka mtungi wa marehemu, wakatangaza kwamba haurudi mpaka ukombolewe kwa jogoo. Watu walicheka katikati ya machozi, na ndiyo kazi ya watani. Maji na mchanga vikamwagwa. Boksi lenye chupa likatupiwa uchagani, kwenye mahindi ya mbegu, juu ya moto uliopikia waombolezaji usiku na mchana.

"Hukuwaambia kwamba ndani mna dawa?"

"Nilikuwa nimefunikwa kanga, nalia, nitaona wapi? Nilijua siku ya nne walipoleta mtungi. Hata ningejua, ningewafanya nini? Mtani hakasirikiwi."

Dennis alikuwa anaandika. Regina alichutama jirani na mkeka.

"Bibi, hiyo chupa ilikuwa peke yake?"

"Zilikuwa mbili. Moja nzima ilikuwa zahanati, nesi alitutunzia kwenye friji ya chanjo. Nilimpelekea Shadia zote."

"Alijua ipi ilikuwa wapi?"

"Mimi sijasoma, lakini si mjinga!" Bibi aliugusa ukingo wa kitambaa chake kichwani, mahali palipokuwa pamefumuka. "Nilichomoa uzi hapa, nikaifunga shingoni ile ya uchagani. Nikamwambia, mama, hii yenye uzi imelala motoni siku nne, kaulizie kwanza kama inafaa. Akasema amesikia."

Regina alisimama, akaaga.

Alasiri hiyo Shadia aliketi kwenye chumba cha mahojiano. Regina alimwonya kama sheria inavyotaka: ana haki ya kunyamaza, na atakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Kisha akaiweka chupa katikati ya meza.

"Uzi huu ni wa nini?"

Shadia aliisogeza chupa pembeni kwa kidole.

"Nimetoka Kinole, Shadia."

Hapo macho yakamjaa maji. Hakuyafuta.

"Ulikuwa na chupa mbili," Regina alisema. "Moja nzima na moja ya uchagani. Nzima iko wapi?"

"Kwangu nyumbani."

"Anaitumia nani?"

"Nasra. Binti yangu. Ana miaka kumi na mitano, sukari anayo tangu akiwa na minane."

"Hana bima?"

"Alikuwa nayo. Kifurushi cha watoto wakakibadilisha, sasa mtoto anaingia na familia nzima, baba na mama, au haingii. Baba yake nitamtoa wapi, afande? Yule hata picha yake sina."

"Endelea."

"Wiki ile umoja mzima haukuwa na dawa ya kugawana. Nilikuwa nimeshika hizo mbili tu, na wanaongoja walikuwa wawili. Mwalimu na mwanangu." Sauti ilikatika, akaivuta tena. "Nilizipanga mezani. Nikaziangalia mpaka alfajiri. Nikajidanganya kwamba labda hii nayo imebakiza nguvu kidogo, labda moto haukuwa mkali. Nikampelekea."

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Kwa sababu namjua. Angesema mpe mtoto ile nzima, mimi niache. Ningewezaje kuondoka pale, nimemwacha mikono mitupu, huku ananitazama?"

"Kwa hiyo ukampa kifo mkononi."

"Nilimpa ili nipate usingizi," Shadia alisema. "Ndiyo maana nasema usiniite msamaria. Watu wananiita hivyo. Siku ile nilikuwa mama tu, na umama wangu ulimuua mtu."

Regina alikuwa amewahoji wauaji wa kila aina, walevi, wenye wivu, wagombea mashamba. Hakuna aliyemtia hasira kama huyu, na hakujua hasira ile aielekeze wapi. Shirika la bima halina shingo ya kukabwa.

"Uzi. Kwa nini hukuukata?"

"Nilitaka auone. Aulize. Darasani alikuwa anatuchapa kwa kutouliza. Angeniuliza tu, Shadia, huu uzi wa nini? Ningemwambia yote, naapa."

"Hakuuliza?"

"Hakuuliza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mimi niliyempa."

Dennis aliacha kuandika. Regina alimwashiria aendelee.

"Hakukupigia simu baada ya hapo?"

"Siku ya tatu. Akasema, binti yangu, sukari haishuki." Shadia alijifunika uso kwa viganja. "Nikamwambia aongeze uniti kumi."

Alisaini maelezo yake ya onyo kwa mwandiko mzuri wa herufi za kuunganishwa, ule ambao Mwalimu Yeremia aliwafundisha wanafunzi wake wote. Shitaka lilikuwa kuua bila kukusudia. Mkuu wa upelelezi alimpongeza Regina kwa kesi iliyokwisha siku chache tu, akaagiza nyumba ipekuliwe na dawa zote zikamatwe.

Nasra aliwafungulia mlango akiwa na sare za shule, shangazi yake nyuma yake. Hakuuliza kitu. Aliwapisha wakapita, kisha akaenda kusimama mbele ya friji.

"Nyingine iko humu," alisema. "Kama mnaichukua, niambieni kwanza nijidunge ya leo."

Dennis alikuwa na mfuko wa vielelezo mkononi. Alimtazama bosi wake. Regina aliifungua friji, akaiona chupa nyuma ya nyanya, akaitoa na kuinyanyua kwenye mwanga. Alipima kwa jicho kilichobaki. Kisha akairudisha palepale ilipokuwa.

"Andika," alimwambia Dennis. "Friji ina nyanya na maji ya kunywa."

"Afande, kwenye maelezo yake ameitaja."

"Andika nilichokuambia, Dennis."

Dennis aliandika.

Asubuhi iliyofuata Regina alikwenda mahabusu. Shadia alikuwa amesimama kwenye nondo tangu kulipopambazuka. Hakuuliza habari za dhamana wala za mahakama.

"Imebaki kiasi gani?"

"Ya siku kumi na mbili. Labda kumi na tatu."

"Wenzangu wa umoja wanasemaje?"

"Hawapokei simu. Kila mmoja anaogopa atafuata yeye."

"Hospitali?"

"Wanasema itafika mwisho wa mwezi."

Siku hiyo ilikuwa tarehe saba. Shadia aliteremka taratibu mpaka akakaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Mwambie asijipunguzie dozi ili ifike," alisema. "Atajaribu kufanya hivyo. Namjua."

Regina aliitikia kwamba atamwambia. Hakumwambia Shadia kwamba jana, mbele ya macho yake, Nasra alivuta dawa kwenye sindano mpaka alama ya dozi yake, akaitazama chupa, kisha akarudisha nusu.